Binamu yangu ana pointi 34

Wiki iliyopita dawati la makala lilinituma Tabora. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi: nenda Kwihara, litazame tembe alilokaa Livingstone, piga picha, andika maneno mia nane kuhusu utalii wa ndani, rudi Dar. Nimeandika, imetoka, mmeiona (na walioniandikia kwamba picha ilikuwa na giza, nimewasikia). Wahariri wanaipenda Kwihara kwa sababu ina Mzungu ndani yake. Hapa nyumbani kwangu, kwenye blogu, naandika ile habari ya pili, ambayo gazetini ingekosa pa kukaa.

Kwa ambao hamjafika: Kwihara ni kilomita chache tu kutoka Tabora mjini. Bodaboda inakufikisha hata kabla hasira ya kupandishiwa bei haijakutoka. Stanley alikaa pale mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, akamkuta Ujiji, na Februari 1872 wakarudi Kwihara wote wawili. Stanley akaondoka Machi. Mzee akabaki mpaka Agosti akisubiri wapagazi. Basi, hiyo ndiyo historia inayouzwa. Isiyouzwa ni kwamba nyuma ya miembe, mwendo wa dakika kumi kwa miguu, anakaa shangazi yangu, dada wa baba, na mwanawe wa mwisho ambaye ni kiziwi tangu alipougua akiwa na mwaka mmoja na nusu.

(Neno kiziwi nalitumia makusudi. Chama chao wenyewe kinaitwa Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA. Sioni kwa nini mimi ninayesikia nione aibu kwa niaba yao.)

"Mwangaluka," nikamsalimia shangazi. Akaitikia, akaniwekea kigoda, na chai ikiwa bado jikoni akaingia ndani akatoka na bahasha. Ndani mlikuwa na karatasi moja, imechapwa stationeri mjini, imekunjwa na kukunjuliwa mpaka imeanza kuchanika katikati.

"Baba, wewe umesoma," akaniambia. "Hela ya tumbaku ya mwaka huu ipo. Mdogo wako anataka kurudia mtihani. Mjomba wake anasema tununue mashine ya kuchomelea. Nisomee hiyo karatasi uniambie, nilipe au nisilipe?"

Matokeo ya kidato cha nne, mtihani wa Novemba 2023. Hisabati D. Mengine yote F: Kiswahili, Kiingereza, Uraia, Historia, Jiografia, Baiolojia. Pointi 34. Daraja sifuri.

Wengi wenu mlifanya mtihani huu zamani na mmeshasahau hesabu yake, kwa hiyo turudi darasani kidogo. Baraza la Mitihani, NECTA, linachukua masomo saba uliyofanya vizuri zaidi. A ni pointi moja, B mbili, C tatu, D nne, F tano. Daraja la nne ni pointi 26 mpaka 33. Ukipata F saba una pointi 35. Ukipata D moja una 34, na hiyo bado ni sifuri. Ukipata D mbili, au C moja, una 33: umefaulu, una daraja la nne, una cheti cha kukaa nacho kwenye bahasha. D inaanzia alama 30. Kwa hiyo kati ya binamu yangu na cheti palikuwa na alama 30 za somo lolote. Lolote lile!

Sasa tazama D aliyoipata ni ya somo gani. Hisabati, somo ambalo nchi nzima inalikimbia, ambalo mimi mwenyewe nililipita kwa kuchechemea. Kwa nini Hisabati? Nilimuuliza. Tunaongea kwa kuandikiana kwenye simu, tukichanganya na alama za nyumbani ambazo nilizijua tangu likizo za utotoni. Akaniandikia: "Namba hakuna Kiingereza."

Baada ya hapo akaniletea karatasi za mitihani iliyopita. Anazo nyingi, amezitunza kuliko mimi ninavyotunza vyeti vyangu. Akaweka kidole kwenye swali la Historia lililoanza na maneno "account for". Ninyi na mimi tunajua maana yake: toa sababu. Yeye alisoma "account" akakumbuka akaunti. Simu yake ina akaunti, benki wana akaunti. Akaandika jibu lake kuhusu fedha za wakoloni, karibu ukurasa mzima, kwa mwandiko mzuri kabisa. Aliponionyesha alikuwa anacheka, na mimi nikacheka naye, ila mwenzenu nilikuwa nacheka huku nimebanwa kifuani.

Tuzungumzie hicho Kiingereza. Mtoto anayesikia anaingia kidato cha kwanza akitoka shule ya msingi aliyofundishwa kwa Kiswahili, na tunajua jinsi anavyotaabika. Kila mwaka tunaandika habari hiyo. Mtoto kiziwi anatoka kwenye lugha ambayo hajawahi kuisikia anaingia kwenye lugha nyingine ambayo hajawahi kuisikia. Lugha yake mwenyewe ni ya mikono. Ina sarufi yake na mpangilio wake wa maneno, na kamusi yake imeshatolewa. Kwenye mtaala aliosoma binamu yangu, ile Lugha ya Alama haikuwa hata moja ya yale masomo saba ya lazima.

Mnaweza kusema, basi Kiswahili je? Si lugha ya nyumbani? Nilifungua mada za kidato cha kwanza za Kiswahili alizotunza kwenye daftari. Matamshi. Lafudhi, mkazo, kiimbo. Mnakumbuka ule mfano ambao kila mwalimu wa Kiswahili nchini anautoa, wa barabara ya magari na barabara ya "sawasawa", zinazotofautishwa na mahali unapoweka mkazo? Kwenye daftari la binamu yangu neno barabara limeandikwa mara mbili, moja chini ya jingine, herufi zilezile, na pembeni ameweka alama ya kuuliza. Hakuna aliyerudi kuijibu.

Shule aliyosoma sitaitaja. Ni ya kawaida, ilipokea viziwi kwa sababu iliagizwa kuwapokea, na ilikuwa na mwalimu mmoja tu aliyejua alama. Mwalimu huyo alikuwa na vipindi vyake. Wengine waliandika ubaoni, wakageukia darasa wakaeleza kwa mdomo, wakaondoka. Binamu yangu alinakili ubao kwa miaka minne. Madaftari yake yamejaa kuliko ya mwanafunzi yeyote niliyewahi kumwona.

Na hapa ndipo mtu wa haki ataniuliza: si wanapewa upendeleo kwenye mtihani? Wanapewa, na ni vizuri tuutaje kwa haki. NECTA huongeza muda kwa watahiniwa wenye mahitaji maalum: dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati, dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Wasioona wanapata karatasi za nukta nundu, na wenye uoni hafifu, wakiwamo wengi wenye ualbino, wanapata maandishi makubwa. Hayo ni mambo ya maana. Asiyeona aliyefundishwa, ukimpa swali kwa nukta nundu na muda wa kutosha, umemwondolea kikwazo chake. Lakini piga hesabu kwa kiziwi. Mtihani wa Historia wa saa tatu unaongezwa nusu saa. Hiyo nusu saa anaifanyia nini? Kama hujui "account for" saa tatu asubuhi hutaijua saa sita na nusu. Kinachomkwamisha ni lugha, na tumemletea saa ya ukutani.

Hata kwa wasioona mambo si mepesi hivyo. Kwa miaka mingi wamekuwa wakisamehewa Hisabati. Inasikika kama huruma, na nadhani ilianza hivyo: vifaa vya kufundishia hakuna, walimu hawajui kuandika hesabu kwa nukta, basi waache. Ila msamaha huo unafunga milango mapema sana. Bila Hisabati na sayansi kijana anasukumwa kwenye masomo ya sanaa, apende asipende. Ajabu ya nchi yetu: asiyeona anasamehewa somo ambalo pengine angeliweza, na kiziwi analiweza somo hilohilo kisha anaangushwa na mengine sita. Katika yote mawili, kilichokosekana ni mtu wa kufundisha.

Tabora wenyewe si wageni wa mambo haya. Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilianzishwa hapohapo Tabora mwaka 1963, na Kanisa Katoliki. Enzi zile, karibu dunia nzima, mtoto kiziwi alifundishwa kusoma midomo na kulazimisha sauti itoke, mikono ikikatazwa. Mtindo huo ulipata nguvu kwenye mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan mwaka 1880, ambako walimu karibu wote waliopiga kura walikuwa wanasikia. Ilichukua mpaka 2010, kwenye mkutano kama huo huko Vancouver, ndipo ikatamkwa rasmi kwamba uamuzi ule ulikuwa wa kujutia. Miaka 130! Sisi tumeacha kuwafunga watoto mikono. Bado hatujaamua kwamba mikono hiyo inaweza kufanya mtihani.

Sasa kuna sheria moja inayonikera kuliko zote, na inanikera kwa sababu ni nzuri. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Safi kabisa. Lakini tangu Mei 2004 sifa ya chini ya kuajiriwa serikalini ni kidato cha nne. Ziunganishe hizo mbili. Umemwekea mtu kiti na jina lake limeandikwa kwenye kiti, halafu mlangoni umeweka karani anayeuliza D mbili. Nilimweleza shangazi hivyo. Akafikiri, akasema, "Kwa hiyo kiti kipo?" Nikasema kipo. Akasema, "Basi nalipa." Ndiyo maana sipendi kueleza sheria kwa wazazi.

Jioni nilimtembelea mwalimu mmoja mstaafu, jirani, aliyefundisha watoto wenye mahitaji maalum kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilikwenda na jibu langu mkononi, kwamba wapewe cheti chao, mtihani wao, wenye kipimo chao. Akanikata kabla sijamaliza.

"Mwanangu, cheti cha peke yao mwajiri atafungia karanga."

Nilidhani ni ukali wa uzee. Niliporudi Dar nikasoma, nikakuta walioendelea wameshapita njia hiyo. Jimbo la New York kwa miaka mingi lilikuwa na diploma ya aina yake kwa wanafunzi wa elimu maalum. Wazazi walishangilia kwenye mahafali, picha zikapigwa, halafu vyuo na waajiri wakasema hiyo si diploma ya sekondari. Mwaka 2013 ikafutwa, wakaweka hati nyingine inayosema waziwazi kwamba ni ya ujuzi na si diploma. Mwalimu wangu wa Kwihara, ambaye hajafika hata Nairobi, alikuwa amelijua hilo kwa kutazama karanga.

Lakini kuna kesi nyingine ya hukohuko Marekani ambayo nadhani inatufaa zaidi. Mji wa Peoria, jimbo la Illinois, mwaka 1978 uliamua kwamba bila kupita mtihani wa kiwango cha chini hakuna diploma, na wanafunzi wa elimu maalum wakajumuishwa. Walioanguka wakaenda mahakamani. Mwaka 1983 mahakama ya rufaa ikasema mji una haki ya kuweka mtihani, hata kwa hao. Lakini watoto hawa walikuwa wamefundishwa kwa mipango mingine kabisa, sehemu kubwa ya yaliyotahiniwa hawakuwahi kukutana nayo, na taarifa ya mwaka mmoja na nusu haikutosha kuziba pengo hilo. Wapewe diploma zao.

Mimi naishikilia hukumu hiyo. Haikuwaonea huruma wala haikudai kipimo kishushwe. Iliuliza swali ambalo kila mwanafunzi ana haki ya kuliuliza: hiki mnachonitahini, mlinifundisha? Ukimuuliza binamu yangu swali hilo kuhusu Historia ya kidato cha tatu, atakuonyesha daftari. Ubao aliunakili wote. Kufundishwa hakufundishwa.

Na hakuna haja ya kwenda mpaka Illinois. Jirani zetu wa Kenya waliitaja Lugha ya Alama ya Kenya kwenye Katiba yao ya 2010, ikawa moja ya lugha rasmi za Bunge, na mwanafunzi kiziwi anaweza kuifanya kama somo kwenye mtihani wa taifa wa sekondari badala ya Kiswahili. Kenya nao wana matatizo yao, msinielewe vibaya, walimu wa kutosha hawana. Lakini mtoto kiziwi wa Kisumu anaingia kwenye chumba cha mtihani akijua lipo somo moja ambalo ni lake. Huyu wa Tabora aliingia na masomo saba ya wengine.

Wako watakaosema tukianza hivyo kiwango kitashuka. Hii hoja ya kiwango imenichosha. Kiwango cha Jiografia ni kujua Jiografia. Mtu anayeweza kukueleza kwa mikono kwa nini mvua ya Tabora inakatika mapema kuliko ya Bukoba anajua Jiografia kuliko mimi niliyekariri sentensi za Kiingereza usiku wa kuamkia mtihani na kuzisahau kabla ya Krismasi. Mkalimani akae kwenye chumba cha mtihani, au swali lirekodiwe kwa alama, jibu lisahihishwe na mtu anayeijua lugha hiyo. Mtihani uwe uleule na alama 30 ziwe zilezile. Gharama ipo, sikatai. Lakini nukta nundu nazo zina gharama, na tunazilipa.

(Kuhusu wenye ulemavu wa akili sijaandika chochote leo. Hilo ni jambo la siku yake, na hoja ya cheti kimoja kwa wote inabadilika kabisa ukifika kwao.)

Turudi kwa shangazi, maana ndiye aliyeniuliza swali la kweli, na nimeshawazungusha vya kutosha. Alitaka jibu moja: alipe au asilipe. Kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea maana yake ni ada ya usajili, nauli, na mwaka mzima, tena bila hata yule mwalimu mmoja wa alama. Ukirudia hivyo utapata pointi 34 nyingine. Kwa upande wa pili, vyuo vingi vya ngazi ya cheti vinataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini. Anayo moja. Anahitaji tatu. Mjomba mtu naye ana hoja yake: kijana ameshajifunza kuchomelea kwenye karakana moja mjini, mageti yake nimeyaona, yamenyooka, na pale Tabora kuna Luanzari, chuo cha ufundi cha watu wenye ulemavu ambacho kilikaa kimefungwa miaka kabla Serikali haijakifufua.

Tulibishana usiku kucha, watu wanne, mmoja wetu akiandika kwenye simu na wengine tukisoma kwa zamu kwenye mwanga wa kibatari cha sola. Kilichonishangaza ni kwamba tulikuwa tumeshabishana saa nzima ndipo mjomba alipouliza mwenye mtihani anataka nini. Binamu yangu aliandika kwa muda mrefu. Alitaka vyote viwili, na alikuwa na hesabu yake tayari. Kuchomelea Jumatatu mpaka Ijumaa. Historia hataigusa tena maishani. Atafanya Jiografia kwa sababu ina ramani na picha, Baiolojia kwa sababu ina michoro, na Uraia kwa sababu maneno yake magumu hayazidi mia mbili na ameshayaorodhesha. Nilihesabu orodha. Yalikuwa 186.

Yule mwalimu mstaafu amekubali kumfundisha Baiolojia, mara mbili kwa wiki, kwa malipo ambayo amesema tutayazungumza mavuno yakija. Uraia wamenipa mimi pamoja na Jiografia, kwa kuwa eti mimi ni mwandishi wa habari na najua Serikali. Shangazi ameigawa hela ya tumbaku: sehemu ya ada imewekwa kando, iliyobaki ni malipo ya kwanza ya mashine, nyingine mjomba anamalizia.

Tunaanza Jumamosi hii kwa video. Mtandao wa pale nyumbani unakatika, kwa hiyo yeye atakaa juu ya kichuguu karibu na barabara (ya magari). Mwenye ramani za mitihani ya Jiografia ya miaka iliyopita, zile zinazosomeka, anitumie. Na kama kuna msomaji hapa Dar anayejua Lugha ya Alama vizuri, nahitaji alama za "latitudo", "mmomonyoko" na "uwiano wa ramani" kabla ya Jumamosi. Za kwangu za utotoni zinaishia kwenye ng'ombe, mvua na njaa.